Mioyo Sita ya Kupeleka Mjini

Machinjioni walimwita Bandama, na jina hilo hakupewa kwa dharau. Akishika bandama ya ng'ombe kwa vidole viwili, macho ameyafumba, atakuambia mnyama huyo alikuwa na homa au hakuwa nayo. Baadaye daktari wa mifugo atakuja na miwani yake na daftari lake, aseme yaleyale kwa maneno marefu zaidi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye meza ya matumbo. Ukumbi ule ulikuwa na reli juu, minyororo na ndoano, na sakafu yenye mfereji katikati ambao haukukauka tangu alfajiri hadi saa nane. Wanaume walipiga, walichinja, walichuna. Wanawake walisimama mwisho wa reli, kwenye meza ndefu ya saruji, na tumbo zima lilikuwa likiwaangukia mbele yao likiwa bado lina joto. Kelele zilikuwa za kila namna, na aliyetaka kusikilizwa alitukana kwanza, kisha ndipo akasema shida yake.

Kisu cha matumbo hakina ncha. Mwisho wake ni butu, umeviringwa kama ncha ya kidole, kwa sababu ukitoboa utumbo mavi yatamwagikia nyama, nyama itatupwa, na wewe utasimangwa mpaka jioni. Kisu cha wachunaji ni kingine kabisa, chembamba, kimepinda kidogo, na ncha yake inaingia mahali popote. Wachunaji wanakinoa upande mmoja tu, ule wa nje, ili kiteleze kati ya ngozi na nyama bila kutoboa. Na hapo palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa ukutani lakini kila mtu aliijua: kisu cha mtu hakishikwi na mwingine. Mwaka mmoja kijana wa meza ya miguu na vichwa aliazima kisu bila kuomba. Mwenye kisu alimpiga ndoano ya mdomo, meno matatu yakabaki kwenye mfereji. Msimamizi akaja mbio, akauliza swali moja tu, nani ameshika kisu cha mwenzake, halafu akamfukuza kazi yule asiye na meno.

Mchunaji mkuu alikuwa mume wake Bandama. Wenzake walimwita Wembe. Mkono wake ulikuwa mwepesi kazini, na ulikuwa mwepesi nyumbani. Majirani walisema ana hasira za karibu, wengine wakasema ni uchovu wa kazi, wengine wakasema wanaume wote wa damu ndivyo walivyo. Mimi sina adabu ya kulipamba jambo hili. Alikuwa mpigaji. Alishampiga mkewe kwa sahani, kwa mkanda, kwa redio ambayo mwenyewe alikuwa akiipenda, na asubuhi yake walikuwa wakiongozana kwenda kazini kama kawaida, yeye mbele, mkewe nyuma.

Sasa sikiliza habari ya mioyo.

Pale machinjioni kila moyo lazima ukatwe. Daktari, mwanamke mfupi aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale, aliupokea moyo ukitoka kwenye meza ya matumbo, akaupitisha kisu mara mbili kutafuta minyoo, akaugonga muhuri, ukaenda. Ina maana kwamba katika miaka kumi na tisa Bandama aliitoa mioyo maelfu kutoka kwenye vifua, lakini hakuwahi hata siku moja kuufungua mmoja kwa raha zake. Aliupokea mzima akautoa mzima, na ukirudi kwake ulikuwa umeshachanwachanwa.

Siku moja daktari akaja mezani, akavua glavu moja.

"Mama, una nafasi kidogo?"

"Nafasi ninayo, daktari, ila mikono haina."

"Wiki tatu zijazo, Jumamosi, kuna tamasha la sayansi mjini. Chuo chetu cha mifugo kina meza pale, watoto wa shule watakuja. Nataka wewe uwafungulie moyo wa ng'ombe."

Bandama akadhani anataniwa. "Mimi? Mimi wa matumbo? Kwani wewe huna mikono?"

"Nikifungua mimi, nitawaeleza. Ukifungua wewe, wataona. Nimekutazama mwaka mzima, mama. Hakuna mtu humu anayeijua nyama kwa ndani kama wewe."

Bandama aliendelea kukamua utumbo uleule ambao ulikuwa umeshaisha kukamuliwa. Furaha ilimpanda mpaka masikioni.

Mipango ilianza jioni hiyohiyo. Watoto wakubwa walikuwa wameshaondoka, nyumbani alibaki kitindamimba, binti wa miaka kumi na tatu mwenye mwandiko mzuri na maswali mengi. Mama alisema, binti akaandika nyuma ya daftari lake la zamani. Basi la saa kumi na mbili, wafike stendi kabla. Boksi la barafu, la kuazima kwa jirani muuza samaki, lioshwe mara tatu. Mioyo sita, isichanjwe. Glavu. Koti jeupe, daktari ataleta. Barua ya mwaliko, meza namba kumi na saba. Gauni lipi? Hapo walibishana nusu saa.

Binti alimfundisha maneno ya shule. "Sema vali, mama."

"Mimi naziita milango."

"Milango ndiyo sawa, lakini sema vali kwanza, halafu useme milango. Ndio wajue unajua yote mawili."

Na lipo jambo ambalo Bandama hakulisema, ila lilimkaa kifuani. Miaka yote binti yake alipoulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, alijibu: ofisi ya mifugo. Wiki ile alirudi nyumbani na kusema, bila kuulizwa, kwamba amewaambia darasa zima mama yake atafungua moyo kwenye tamasha, na mwalimu wa sayansi ameuliza wao watakaa meza gani. Kumbe hata mtoto anaweza kumwona mtu upya! Bandama aliingia jikoni akalia machozi kidogo, akatoka akasema ni moshi.

Mumewe alipoambiwa alicheka. "Wataalamu wameisha mjini mpaka wanamchukua mwosha mavi?" Alicheka mpaka akakohoa. Hakukataa, na kwa mtu kama yule, kutokataa ndiyo ruhusa.

Shida ilikuwa kisu. Jumapili ya mwisho kabla ya tamasha, machinjio yamefungwa, daktari alikuwa amempa Bandama mioyo miwili iliyokataliwa bila kukatwa ili afanyie mazoezi. Akaufungua wa kwanza kwa kisu chake butu. Hakikuchoma, kikawa kinaburura. Zile nyuzi nyembamba zinazoishikilia milango ya moyo, ambazo daktari alisema watoto lazima wazione, zikakatika zote. Akabaki na nyama iliyoraruliwa tu. Mumewe alikuwa amelala chali baada ya chakula cha mchana, mdomo wazi. Mfuko wake wa visu ulikuwa umening'inia kwenye msumari.

Unajua alichofanya.

Moyo wa pili ulifunguka vizuri ajabu. Ncha iliingia kwenye mshipa mkuu ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, na mbele yao, mama na binti, vikafunguka vyumba vyote, na nyuzi zote zikabaki zimesimama. Binti akashika mdomo. "Mama, ni kama hema!"

Bandama akakiosha kisu, akakikausha. Halafu, kwa shukrani, kwa sababu kilikuwa kimemtendea wema, akakinoa kabla ya kukirudisha. Alikinoa jinsi alivyonoa visu vyake miaka kumi na tisa, pande zote mbili.

Jumatatu, ng'ombe wa tatu, Wembe alifika ubavuni, pale anapopiga mkono mrefu mmoja na ngozi inashuka kama nguo. Kisu hakikwenda alikokipeleka. Kilizama, kikatoboa ngozi, kikatokeza upande wa pili na kuingia kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya kidole gumba, mpaka kwenye mfupa. Damu yake ikachanganyika na ya ng'ombe, na kwa muda hakuna aliyetambua ipi ni ipi mpaka alipopiga kelele.

Mchunaji mzee kuliko wote akainama juu ya kile kisu kilichoanguka. Hakukigusa. Akakitazama tu kwa mbali, jicho moja limefumba.

"Hiki kimenolewa pande mbili," akasema. "Hiki kimenolewa na mwanamke."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walicheka wachinjaji wa shingo, walicheka wa meza ya miguu, alicheka hata mlinzi wa lango ambaye hakujua kinachochekwa.

Wembe hakungoja wafike nyumbani. Aliuvuka ukumbi mkono umefungwa kitambaa, damu ikidondoka nyuma yake, na wanawake wa matumbo wakampisha njia. Ngumi ya kwanza ilimkuta Bandama kwenye shavu. Ya pili ilimpeleka chini, na kichwa chake kikagonga ukingo wa meza ya saruji. Alipojaribu kuinuka alipigwa teke la mbavu, akaangukia kwenye mfereji, na yale maji ya matumbo yakampita mdomoni. Wanaume walitazama. Aliyeguswa kisu ana haki yake, ndivyo walivyojua. Aliyemzuia alikuwa daktari peke yake, mfupi vile, akipiga kelele na kumvuta mwanaume yule kwa aproni kana kwamba anavuta ng'ombe.

Bandama alitema jino. Msimamizi akaja.

"Nani ameshika kisu cha mwenzake?"

Bandama akainua mkono, hapohapo chini alipokaa. Akasimamishwa kazi siku mbili, hiyo ikiwa ya kwanza.

Usiku huo barua ya mwaliko ilichanwa vipande na koti jeupe alilokwisha kuletewa na daktari likatiwa kwenye moto wa jiko. "Jumamosi huendi popote," mumewe alisema.

"Nitakwenda."

Akapigwa tena. Chumba cha pili, binti alijifunika shuka kichwani na kuhesabu kwa sauti ya chini. Alizoea kuhesabu. Mara nyingi ilikuwa inaishia thelathini au arobaini, siku hiyo alipita mia.

Jumatano Bandama alirudi kazini na jicho lililofumba. Daktari akamwita pembeni.

"Mama, basi tuache. Nitafungua mwenyewe. Sikutaka haya yakupate."

"Uache wewe," Bandama akamjibu, na kwa mdomo ule uliovimba maneno yalitoka mazito. "Mimi nimeshaacha mangapi? Niandikie barua nyingine."

Daktari akaandika. Akaleta koti lake mwenyewe, fupi mikono, na kisu chake cha enzi za masomo, chembamba, chenye ncha. Hicho ndicho kilichokuwa kisu cha kwanza chenye ncha kuwa mali yake Bandama. Ijumaa mchana mioyo sita ilipita mezani bila kukatwa. Daktari aliibonyeza kwa vidole, akaandika kwenye karatasi kwamba si ya kuliwa, akaipanga mwenyewe kwenye barafu.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, boksi lilikuwa mlangoni. Binti alikuwa amevaa sare ya shule, amechana nywele, amekaa kitandani kwake akisubiri kuitwa. Bandama alikuwa akirudiarudia hotuba yake kwa kunong'ona huku akifunga viatu, pale mumewe alipotoka chumbani, bila shati, mkono wa kushoto ukiwa na bandeji chafu.

Alilipiga boksi teke, likapasuka ubavu, na mioyo ikatoka na barafu ikaviringika sakafuni mpaka chini ya meza. Mmoja ulisimama mbele yake. Akaukanyaga. Akaukanyaga tena kwa kisigino, akiusaga, na huku akimtazama mkewe. Kisha akamkamata koo kwa mkono wake mzima, akamsukuma ukutani, akaanza kukaza.

"Nenda sasa," akasema. "Nenda kafundishe."

Kisu cha daktari kilikuwa kwenye mfuko wa koti alilovaa. Bandama hakukumbuka kukitoa. Alichokumbuka ni kwamba ncha yake ilikuwa imeshafika chini ya mbavu za mwisho za mumewe, upande wa kushoto, imeinama kwenda juu, na ngozi ilikuwa imeshaachia kidogo. Mtiririko mwembamba wa damu ukashuka mpaka kwenye kiuno cha suruali. Mkono wa kooni ukalegea.

"Karibuni," Bandama akasema. Sauti ilimkwaruza. "Leo tutaufungua moyo."

"Umechanganyikiwa, mwanamke. Toa hicho kitu."

"Tunaanzia hapa. Mfupa hatuugusi, mfupa unaharibu kisu. Tunapita chini yake." Akasukuma, kidogo tu, na Wembe akapanda juu ya vidole vya miguu yake. "Hapa kuna ngozi, wewe unaijua. Miaka ishirini na mbili unajua ngozi tu. Ndani hujawahi kufika. Ndani ni kwangu. Baada ya ngozi kuna nyama, baada ya nyama kuna utando unaotenganisha tumbo na kifua, mwembamba, hauna ubishi. Baada ya hapo, vidole vinne, ndipo penyewe. Ukuta wa kushoto ni mnene, kwa sababu unasukuma damu mwili mzima. Lakini kisu hiki ni kirefu kuliko ukuta huo. Tutaingia chumba cha chini, tutapita kwenye vali, yaani milango, na nyuzi zitakatika moja moja. Utazisikia. Utakuwa na muda wa kuzisikia kabla hujafika sakafuni."

Alisema yote hayo kwa utulivu, bila kukosea neno, na alikuwa akisema kweli. Alitaka kusukuma. Hasira ya miaka yote ilikuwa imeteremka mkononi, mkono ukawa mtulivu kama wakati wa kazi, na hilo ndilo lililomtisha mumewe kuliko ncha yenyewe. Mtu yule aliyempiga mkewe mbele ya ukumbi mzima aliishusha mikono yake. Haja ndogo ikampita miguuni, ikachanganyika na barafu iliyokuwa ikiyeyuka.

"Mke wangu," akasema. "Mama watoto. Nakuomba."

Bandama alipotazama juu ya bega la mumewe alimwona binti mlangoni. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anamtazama mama yake.

Kisu kikashuka. Wembe akateleza kwenye barafu mpaka chini, amejishika ubavu, ingawa kidonda chenyewe kilikuwa cha kufungwa na kitambaa tu.

Bandama alipiga magoti, akaokota mioyo mitano, akaisuuza mmoja mmoja kwenye beseni, akaipanga. Boksi akalifunga kamba. "Twende, mwanangu, tutachelewa," akasema, na binti akatoka mbele yake, upesi, bila kumgusa.

Kwenye basi binti alikaa kiti cha dirishani na kuweka mkoba wa shule katikati yao.

"Mama, nisingetokea pale, ungemuua baba?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena uongo mzuri. Nilikuwa namtisha tu. Lakini Bandama alikuwa amechoka kusema ni moshi.

"Ndiyo," akasema.

Binti aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia darasani, akageukia dirisha. Alimwogopa baba yake tangu azaliwe, na alijua la kufanya na woga huo. Huu wa leo ulikuwa mgeni kwake.

Meza namba kumi na saba ilikuwa kati ya watu wa darubini na watu wa sumaku. Daktari alipoiona shingo ya Bandama aliziba mdomo, Bandama akamtikisia kichwa, wasilizungumze. Saa tatu milango ikafunguliwa, na watoto wakaja kama mafuriko, sare za rangi zote, wakisukumana, na nyuma yao mwalimu wa sayansi wa binti yake na darasa lake lote. Walijaa mbele ya meza mpaka wa nyuma wakasimama kwenye viti.

"Karibuni," Bandama akasema. "Leo tutaufungua moyo."

Aliufungua. Hakuna mkono uliowahi kufanya kazi safi kuliko ule asubuhi ile. Watoto walishusha pumzi pamoja vyumba vilipoachana, na nyuzi zote zilikuwa zimesimama. Mwalimu alipiga makofi. Daktari, akiwa na furaha iliyomsahaulisha mambo, akageuka akamtafuta binti kwenye umati.

"Uko wapi, binti? Njoo umshikie mama hapa. Tia kidole kwenye mshipa mkuu, wenzako waone unapita wapi."

Darasa zima likamgeukia. Binti alikuwa amesimama nyuma, karibu na meza ya sumaku. Alikitazama kisu, akautazama mkono uliokishika, akaificha mikono yake yote miwili mgongoni na kutikisa kichwa.

Mtoto mwingine, mdogo, ambaye Bandama hakumjua, akaruka mbele na kunyoosha kidole. Bandama aliweka kisu chini. Akamshika mtoto huyo wa watu mkono, taratibu, akakiongoza kidole chake mpaka ndani.